R ya Mama Gregori

Ilikuwako, na ipo hata leo, nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, Mungu apishe mbali. Jina hilo lina R mbili, na kila R ikitamkwa vibaya ni miezi mitatu jela, na wapo wasomaji wenye tabia ya kusoma kwa sauti. Haifai mtu kufungwa kwa ajili ya hadithi. Basi tuiite Nchi, na tuendelee.

Wakubwa wa kigeni walipoondoka Nchi, waliondoka na chao. Waling'oa reli, wakateremsha taa za barabarani, wakafungua vitasa vya milango, na mmoja wao aliyekwisha kupanda meli alirudi kuchukua kizibo cha sinki. Kitu kimoja tu walikisahau: R yao. Ilibaki Ikulu, na warithi wa Ikulu walipoikuta waliionja, wakaiona tamu, wakaifanya nguzo ya taifa.

R hiyo si hii ya kwetu. Ya kwetu hupigwa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno, ikatetemeka kama gurudumu la mkokoteni juu ya changarawe. Ile ya Kifaransa cha wakubwa hutoka ndani kabisa kooni, mahali ambapo watu wengine huhifadhi makohozi. Msafiri mmoja aliwahi kurudi kutoka Ufaransa akasema amekutana huko na wazee wa mashambani, Wafaransa halisi, wanaopiga R kwa ulimi vilevile. Alikamatwa uwanja wa ndege kwa kueneza uvumi.

Wananchi wakagawanywa mafungu mawili, Watu wa Koo na Watu wa Ulimi. Watu wa Koo waliingia ofisini kwa mlango wa mbele. Watu wa Ulimi waliingia kwa mlango wa nyuma, na kwa kuwa ofisi nyingi hazikuwa na mlango wa nyuma, walikaa nje wakisubiri ujengwe.

Tena kulikuwa na suala la konsonanti zinazolala. Kifaransa kina konsonanti nyingi zilizolala mwishoni mwa maneno. Zinaandikwa lakini hazisikiki, mpaka neno linalofuata lianze na irabu, hapo huamka. Mtu wa kawaida huamsha mbili tatu za lazima, nyingine akaziacha zipumzike. Mtu mkubwa huamsha zote. Mheshimiwa Fulgensi Bahemba, Waziri wa Matamshi, aliamsha zote na nyingine ambazo hazikuwahi kuzaliwa, hata hotuba zake zikavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Watumishi wake walipiga makofi kila ilipoamka moja.

Kila mwananchi aliyefika kwenye dirisha la serikali, kabla ya kueleza shida yake, alitakiwa kusema sentensi hii: *Je respire, donc je remercie la République*. Maana yake, napumua, kwa hiyo naishukuru Jamhuri. Ina R tano, na karani alizihesabu kwa vidole. Mwanamke mmoja alifika hospitali kuu akiwa na uchungu wa kuzaa, akatoa R nne sawasawa kutoka kooni. Ya tano ikamponyoka kwenye ulimi. Karani akafunga dirisha. Mwanamke yule alizikwa kesho yake pamoja na mwanawe, na Ofisi ya Makoo ikaiandikia familia barua ya pongezi, kwa sababu nne kwa tano ni matokeo mazuri kwa mtu ambaye hakusoma.

Aliyetia sahihi barua hiyo alikuwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Makoo, Bwana Gregori. Na Bwana Gregori alikuwa na mama.

*

Mama Gregori alikuwa muuza karanga. Aliziuza sokoni miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuweka kibao wala kupiga kengele, maana sauti yake ilitosha. "Karrranga! Karrranga moto!" R yake ilivuka vibanda vya nyanya, ikavuka samaki, ikawafikia mafundi baiskeli, nao wakaacha spana wakamfuata. Jina lenyewe alilopewa na watu baada ya kuzaa lilikuwa na R mbili, na alipojitaja ungedhani mtu anaburuta kabati.

Gregori alipokuwa mdogo alikuwa na R ileile. Kila alfajiri mama yake alipojitwika sinia kwenda sokoni, mtoto alisimama kizingitini akilia, "Mama, rrrudi! Mama, rrrudi!" mpaka jirani amchukue. Mama hakugeuka. Angegeuka, wangelala njaa wote wawili.

Karanga zilimsomesha. Mwalimu alipomwambia kwamba kwa ulimi ule hatafika popote, Gregori alianza kusukutua maji ya chumvi kila asubuhi, kichwa nyuma, akikoroma kama mtu anayechinjwa, kutafuta ile R ya ndani. Alisukutua miezi kumi na minne. Koo lilivimba, likatoka damu, na mama yake alimshikia beseni. "Tema, mwanangu," alimwambia. "Tema hii yetu yote, ibaki ya kwao." Siku moja R ikaja. Gregori aliitoa mara tatu mfululizo, kavu, ya kikubwa, na mama yake alifurahi akapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka nje. Hakujua alichokuwa anakisherehekea.

Gregori alipanda cheo kama moshi. Akawa mkaguzi, akawa mkaguzi wa wakaguzi, kisha akateuliwa mkurugenzi. Ni yeye aliyetunga kanuni kwamba sheria ya R isiishie kwenye Kifaransa, bali hata Kiswahili kitamkwe kwa koo: karanga, barabara, maharage, na hata neno serikali lenyewe. Ni yeye pia aliyeanzisha Kliniki ya Marekebisho. Huko mtu aliyekamatwa mara tatu alikatwa ncha ya ulimi. Kanuni ya kwanza ilisema ikatwe sehemu ya ukubwa wa punje moja ya harage. Gregori alifuta "moja" akaandika "mbili", kwa ajili ya uhakika.

Kisha ikaja fomu ya wakurugenzi. *Jina la mama. R ya mama.* Chini yake, kwa herufi nzito: mkurugenzi ambaye mama yake ni Mtu wa Ulimi atahesabiwa kuwa na ulimi uliofichwa.

Gregori aliijaza fomu, akaikausha wino kwa pumzi, akaenda jikoni alikokuwa mama yake.

"Mama, nimekuandika bubu."

"Bubu wa vipi?"

"Bubu wa kutosema. Tangu kuzaliwa."

Mama Gregori aliweka mwiko chini. "Sasa mimi nikitaka chumvi?"

"Utaonyesha kwa kidole."

"Nikiumwa je?"

"Utaonyesha panapouma."

"Mpaka lini, Gregori?"

"Mpaka nistaafu, mama. Si siku nyingi."

Kustaafu kulikuwa kumebakiza miaka ishirini na miwili. Mama Gregori alimtazama mwanawe, shati jeupe, shingo ile iliyoficha makovu ya chumvi, akasema maneno ya mwisho aliyosema ndani ya nyumba hiyo. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haya, nimenyamaza."

Akanyamaza.

*

Watu hudhani kunyamaza ni kazi rahisi. Wiki ya kwanza alitembea na kitambaa mdomoni. Alijifunza kupiga chafya bila sauti na kucheka kwa mabega. Mafuta ya moto yalipomrukia mkononi alikimbia nyuma ya nyumba, akaupanulia ukuta mdomo mpaka maumivu yakapita. Yote hayo aliyaweza. Lililomuuma kuliko yote ni wajukuu. Walizaliwa watatu, na hakumwimbia hata mmoja. Walipolia aliwabeba, akawatikisa, nao walimwangalia mdomo wakingoja kitu, mpaka wakazoea, wakamwita Bibi Kimya.

Mwaka wa pili alitumwa na mkwewe kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Sosteni. Mashine hiyo ilikuwa ya zamani, ikinguruma hivi kwamba bati la paa lilicheza, na Mzee Sosteni mwenyewe, baada ya miaka thelathini karibu nayo, alikuwa kiziwi kama kinu. Mama Gregori alisimama pale ndani ya kelele na vumbi jeupe, na kwa mara ya kwanza akajaribu. "Karanga," alisema. Hakuna aliyegeuka. Hata yeye hakujisikia. "Karrranga!" alipiga ukelele, "karrranga moto, nani hajala!" Machozi yakamtoka.

Kando yake alisimama Mama Hilari, mama wa Mkurugenzi wa Posta, bubu mashuhuri. Mama Hilari naye alikuwa amepanua mdomo, mishipa ya shingo imemsimama, akimtukana mkwewe tusi refu lenye R nane. Walitazamana. Mama Hilari alifunga mdomo kwa hofu. Kisha wakashikana mikono, wakacheka, wakalia, unga ukawaganda usoni.

Mwaka ulipoisha walikuwa kumi na wanne. Kila Alhamisi magari ya serikali yalipanga foleni mbele ya mashine, na kutoka kila gari aliteremka mama mmoja mwenye bakuli moja la mahindi. Walizunguka mashine wakiinamiana masikioni, wakapigana kelele za habari, umbea, ugomvi na nyimbo. Mahindi yalipokwisha kusagwa waliyarudisha yasagwe tena, na tena, mpaka mara ya sita. Unga uliokuwa ukiliwa na wakubwa wa Nchi ulikuwa laini kuliko poda ya mtoto, na ugali wake haukushikana, lakini hakuna mkurugenzi aliyeuliza sababu, kwa kuwa wa kuulizwa walikuwa mabubu.

*

Mwaka wa kumi na moja Ofisi ya Takwimu iligundua jambo. Kati ya wakurugenzi arobaini na saba wa Nchi, arobaini na watatu walikuwa na mama bubu. Watu wenye akili ndogo wangeshtuka. Lakini Nchi ina wataalamu, nao walikaa wiki tatu katika hoteli yenye bwawa wakatoka na hitimisho: mama asiposema, maneno yake hubaki mwilini yakawa chakula cha ubongo wa mtoto. Kwa hiyo mama bubu ndiye chimbuko la viongozi.

Serikali ilitangaza Siku ya Mama Bubu. Mama Gregori na wenzake wangevishwa nishani, na Waziri Bahemba alipanga kutoa hotuba. Kabla ya siku hiyo, alifika nyumbani kwa Gregori kunywa chai na kuzungumzia mpango.

"Mkurugenzi," alisema, akiamsha z mbili na t moja bila sababu, "tusiishie kwenye nishani. Tumegundua chimbuko la akili, nasi tuligawe kwa wananchi wote. Kila mjamzito wa Watu wa Ulimi apelekwe Kliniki, akatwe mapema. Taifa zima litazaa wakurugenzi!"

"Ni wazo la kihistoria, Mheshimiwa."

"Utaliandika?"

"Nimekwisha kuandika rasimu," alisema Gregori, akaifungua. "Nimeuita Mpango wa Akiba ya Akili."

Mama Gregori alikuwa akimimina chai. Ilifurika kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagika mezani, naye akaendelea kumimina. Alikumbuka beseni. Alikumbuka damu na chumvi, na vigelegele alivyopiga. Kwa mara ya kwanza maishani aliona haya kwamba alimzaa. Alimtazama mwanawe machoni, na Gregori akatazama sukari.

"Msamehe, Mheshimiwa," Gregori alisema. "Ni bubu, hajui kinachoendelea."

"Anajua kunyamaza," alisema Waziri kwa heshima. "Inatosha."

*

Alhamisi iliyofuata Mama Gregori hakungoja mahindi yake yaingie kwenye mashine. Aliwavuta wenzake wote kumi na watatu, wakakutanisha vichwa, akawaeleza. Mngurumo ulikuwa mkubwa, ilibidi apige kelele kwa kifua chote.

"Watawakata ndimi wajawazito! Wote! Na karatasi yenyewe kaiandika nani? Kaiandika huyu mwanangu, Gregori!"

Sasa umeme wa eneo lile haukuwa na desturi ya kukatika, maana shemeji wa Waziri aliishi hapo. Lakini siku hiyo ulihitajika uwanjani, kujaribu vipaza sauti vya Siku ya Mama Bubu. Ulihamishwa ghafla. Mashine ikanyamaza kabla ya jina, na jina likatoka peke yake ndani ya ule utulivu: "Grrregorrri!" Lilikwenda likagonga bati, likarudi.

Wanawake kumi na watatu walifumba midomo kwa pamoja. Mlangoni alikuwa amesimama Inspekta Pankrasi wa Ofisi ya Makoo, aliyekuja kumchukua mama yake mwenyewe, bubu mwenzao, ambaye sekunde moja nyuma alikuwa akisema, "Toba, Mungu wangu, hata kwa wajawazito?" Pankrasi alimsikia vizuri sana mama yake. Lakini maneno yale, kwa bahati, hayakuwa na R. Akatoa daftari akaandika jina la Mama Gregori.

*

Kesi ilisikilizwa siku ya sherehe yenyewe, katika ukumbi wa Ofisi ya Makoo, ili wageni wasipoteze safari. Mama mabubu kumi na watatu walikaa jukwaani na nishani zao. Waziri Bahemba alikaa nyuma ya meza kubwa ya mninga yenye droo nzito, na mbele yake wakasimama mama na mwana.

"Mkurugenzi," alisema Waziri, "fomu yako inasema mama yako ni bubu. Inspekta anasema amesema. Kama amesema, umeidanganya Jamhuri, na wewe una ulimi uliofichwa. Una jibu?"

Gregori alikuwa amelala na jibu hilo siku tatu. "Mheshimiwa, mama yangu ni bubu. Kama huyu amesema, basi huyu si mama yangu."

Ukumbi uligeuka kumtazama Mama Gregori. Alilisikia vizuri neno lile. Liliingia likakaa. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kwamba ndiyo, kama ni hivyo, mimi si mama yake. Hata hilo alimpa.

"Lakini anaishi kwako," alisema Waziri. "Wajukuu wanamwita bibi. Hapana, hili litapimwa kitaalamu."

Wakampima. Walimchoma sindano kwenye visigino, akakunja vidole vya miguu. Walimpaka pilipili machoni, yakatoka machozi tu. Walimwekea karanga mbichi mbele yake wakamtaka aziite jina, akazitazama, akameza mate. Saa nzima ilipita. Wakaguzi walianza kuchoka, na Gregori akaanza kupata rangi usoni.

Waziri Bahemba akafikiri. Hakuwa mjinga wa mambo yote. "Tumekosea," alisema. "Mama halii kwa uchungu wake. Hulia kwa uchungu wa mwana. Hii hata wazee wetu walijua." Akavuta droo ya meza ile ya mninga. "Mkurugenzi, weka mkono hapa. Na huyo mama mtoeni nje polepole, ageuzwe mgongo, asione. Kanuni zinataka asikie tu."

"Mheshimiwa," alisema Gregori, "mimi ndiye niliyeandika kanuni hizo."

"Ndiyo maana nazifuata."

Askari wawili walimshika Mama Gregori mabega, wakamgeuza kuelekea mlango. Alijua kinachokuja. Akavuta ncha ya kitenge chake, akaijaza mdomoni, akauma. Hatua ya kwanza. Ya pili. Nyuma yake alisikia droo ikisukumwa, taratibu, kisha kwa nguvu, na kitu kikavunjika mfano wa ganda la karanga. Nililie nini mimi, aliwaza, nililie nini zaidi ya hiki. Akauma kitenge mpaka meno yakakutana na ulimi wake mwenyewe, na damu ikamjaa kinywani, ya chumvi. Hakutoa sauti. Aliendelea kutembea.

Droo ikasukumwa mara ya pili.

"Mama, rrrudi!"

Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka mitano, ndani ya suti. "Mama, rrrudi! Mama, rrrudi!" R ilitoka kwenye ncha ya ulimi, nzima, haijaguswa na maji wala chumvi, ikaburuzika ukumbi mzima kama mkokoteni uliopakiwa. Kalamu za wakaguzi zilisimama. Kisha zote zikaanza kuandika.

Mama Gregori, ambaye siku za sinia hakugeuka hata mara moja, aligeuka.

Waziri alivua miwani. "Mkurugenzi, rudia neno hilo."

Gregori alijaribu kulirudia kwa koo. Lakini koo lilikuwa na kazi ya kulia, na kazi mbili kwa wakati mmoja halikuziweza.

*

Hukumu ilikuwa ya haki, kama zilivyo hukumu zote za Nchi. Mama alithibitishwa bubu halisi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye sauti ambaye angevumilia vile, akapewa cheti chenye mihuri mitatu. Kilichosikika kwenye mashine kiliandikwa kuwa kelele za mashine. Mwana alionekana kuwa Mtu wa Ulimi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipelekwa Kliniki ya Marekebisho siku ileile, na daktari, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, alimsomea kanuni kabla ya kisu: ukubwa wa punje mbili za harage. Gregori alitaka kusema kwamba kanuni ya kwanza ilikuwa punje moja. Mdomo ulikuwa umekwisha kushikiliwa wazi.

Inspekta Pankrasi alipewa ukurugenzi. Mpango wa Akiba ya Akili ulianza mwezi uliofuata, na unaendelea vizuri. Mama kumi na watatu bado husaga mahindi kila Alhamisi, ila sasa husaga mara moja tu, wakarudi nyumbani. Hakuna anayefungua mdomo pale.

Mke wa Gregori, ambaye R yake ilikuwa safi, alibaki na nyumba na watoto. Mama na mwana walirudi kwenye kibanda cha zamani, na Mama Gregori akajitwika sinia.

Siku ya kwanza sokoni wauzaji wenzake waliziba masikio kwa kumwogopea. "Karrranga! Karrranga moto!" Wakaguzi wawili walikuja mbio. Mama Gregori akawaonyesha cheti, amekitundika kwenye msumari juu ya sinia. Walikisoma, wakashauriana, wakampigia simu mkurugenzi wao. Cheti cha serikali hakikosei. Mwanamke huyu ni bubu, na bubu hasemi, kwa hiyo hakuna walichosikia. Waliondoka. Tangu hapo yeye ndiye mtu pekee wa Nchi anayepiga R kwa ulimi hadharani, naye huipiga kutoka asubuhi mpaka soko linapofungwa, ikavuka nyanya, ikavuka samaki. Mafundi baiskeli huacha spana wakaja kumsikiliza. Wengine hawanunui hata karanga.

Gregori huketi pembeni yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akisokota vikaratasi vya kufungia karanga. Vidole vya mkono wa kulia vimepinda, kwa hiyo vikaratasi vyake hupinda pia, na wateja hulalamika kwamba karanga zinamwagika.

Siku moja alifika mama mmoja mjamzito, tumbo mbele, kitambaa cha Kliniki bado kimefungwa kidevuni, akaonyesha kwa kidole anachotaka. Mama Gregori alimjazia mpaka juu. Yule mjamzito alipopokea, alimtazama mwanamume wa ndoo. Uso ule aliwahi kuuona, labda kwenye picha ukutani, labda chini ya tangazo lenye sahihi. Akanyoosha kidole kumwelekea, akainua nyusi kuuliza: na huyu ni nani?

Mama Gregori alitikisa sinia, akapuliza maganda.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Bubu. Tangu kuzaliwa."

Gregori akatazama karanga.